Jedwali Lasema Hivi, Pochi Yasema Vile: Kutafuta Kosa Katika Hesabu Zako za Fedha

Jumamosi moja ya Novemba, Tandahimba, nilikaa barazani na mwalimu wa shule ya msingi ambaye pia ana ekari nne za mikorosho. Kompyuta juu ya stuli, simu mkononi mwake, pochi imefunguliwa juu ya mkeka. Tulihesabu kila kilichopo: benki, simu, noti za mkononi. Zikaja 1,239,000. Jedwali lake likasema 1,284,000. Akashusha pumzi, akaniambia, "Kaka, nimeibiwa arobaini na tano elfu."

Hakuibiwa. Tuligawanya 45,000 kwa 9, ikatoka 5,000 kamili, hakuna baki. Nikamwomba atafute malipo yoyote yenye 16, 27, 38 au 49 kwenye maelfu. Dakika tano baadaye akaipata: vibarua wa kuokota korosho aliwalipa 61,000, akaandika 16,000. Vidole vilitangulia macho.

Tangu hapo kila anayeniita kwa ajili ya jedwali lililoharibika namwambia neno moja kwanza: nitajie tofauti. Usifute kitu, usianze faili jipya, na tafadhali usiweke mstari wa "marekebisho" ili namba zilingane. Ile tofauti ndiyo dalili yako kubwa, na ukiifunika umemfukuza shahidi wa pekee uliyekuwa naye.

Jedwali ninalolizungumzia

Lina shiti mbili. Ya kwanza naiita Daftari, na safu zake ni A Tarehe, B Maelezo, C Aina, D Mfuko, E Kuingia, F Kutoka, G Salio. Mfuko maana yake mahali fedha ilipo: Benki, Simu, Mkononi, Kikoba. Shiti ya pili ni Muhtasari. Humo fomula ndizo zinazofanya kazi, nawe unaandika kitu kimoja tu kwa mkono, kila Jumamosi: salio halisi la kila mfuko, kama ulivyolikuta benki, kwenye simu na pochini.

Salio la mfuko mmoja kwenye Muhtasari hupatikana hivi:

=SUMIF(Daftari!D:D,"Simu",Daftari!E:E)-SUMIF(Daftari!D:D,"Simu",Daftari!F:F)

Kama kompyuta yako inakataa mkato kati ya sehemu za fomula, weka nukta mkato. Ni mipangilio ya nchi tu, hujakosea. Haya ninayoeleza yanafanya kazi kwenye Excel, Google Sheets na LibreOffice Calc, ingawa vitufe vinaweza kukaa mahali tofauti.

Tofauti ipo, hujui uanzie wapi

Tazama kwanza upande. Jedwali likizidi pochi, ama kuna matumizi hukuyaandika au umeyapunguza, ama kuna mapato umeyaandika mara mbili au umeyakuza. Pochi ikizidi jedwali, geuza hayo yote.

Kisha tafuta tofauti yenyewe. Kama ni 45,000, bonyeza Ctrl+F utafute 45000 kwenye Daftari. Ikionekana mara mbili kwa tarehe zinazofuatana, huenda uliiandika jana usiku na leo asubuhi tena. Isipoonekana kabisa, fungua jumbe za simu na mfuko wa risiti, tafuta malipo ya kiasi hicho ambayo hayakuandikwa.

Pili, tafuta nusu yake. Kitu kilichotoka ukikiandika kwenye safu ya Kuingia, salio linakosea mara mbili: halikupungua ilhali lilipaswa kupungua, tena likaongezeka. Basi tofauti ya 45,000 inaweza kuwa ni 22,500 iliyokaa upande usio wake.

Tatu ni tisa, kipimo cha zamani cha watunza vitabu vya hesabu. Ukibadilishana tarakimu mbili zinazokaa jirani, kosa linalozaliwa daima hugawanyika kwa 9: 61 kutoa 16 ni 45, yaani 9 mara 5, na hiyo 5 ni tofauti ya 6 na 1. Sifuri iliyoongezeka au kupotea nayo huzaa tofauti ya namna hiyo hiyo: 50,000 kutoa 5,000 ni 45,000. Kwa hiyo ukigawanya kwa 9 ukapata 5,000, angalia kwanza kama kuna 5,000 iliyoandikwa 50,000, kisha angalia tarakimu zilizopishana kwa tano. Kumbuka kwamba namba moja katika kila tisa hugawanyika kwa 9 kwa bahati tu. Tisa inakuonyesha njia. Risiti ndiyo inayothibitisha.

Unaandika malipo, jumla haisogei

Hili nimelikuta zaidi ya mengine yote, na chanzo chake ni mazoea mazuri tuliyofundishwa tangu shule ya msingi. Tukiandika fedha, tunamalizia na alama yake: 5,000/=. Kwenye daftari la karatasi hiyo ni heshima ya hesabu, tena inamzuia mtu asiongeze sifuri mbele. Kwenye lahajedwali alama hiyo inageuza namba kuwa maneno. Programu ikiona 5,000/= haioni elfu tano; inaona maandishi, kama ilivyoona "Nauli ya Masasi" kwenye safu ya jirani.

Ubaya wake ni ukimya. SUM ikikuta maandishi ndani ya safu inayoijumlisha, inayaruka bila kusema lolote. Hakuna rangi nyekundu wala onyo. Jumla inatoka ndogo, inaonekana safi, nawe unaiamini. Mama mmoja anayeuza samaki Mikindani alikuwa na wiki tatu za mauzo ambazo jedwali lilizihesabu kuwa sifuri, kwa sababu mwanawe aliyemwandikia alikuwa mwangalifu sana na zile alama.

Macho yanatosha kukuonyesha. Kisanduku ambacho hukukipangia mkao, namba yake husogea kulia na maandishi hukaa kushoto. Pitisha macho kwenye safu ya E na F kutoka juu hadi chini. Kilichoegemea kushoto ndicho chenye ugonjwa. Ukitaka uhakika zaidi, weka fomula hii kwenye Muhtasari:

=COUNTA(Daftari!E2:F2000)-COUNT(Daftari!E2:F2000)

COUNTA inahesabu visanduku vyote vyenye kitu, COUNT inahesabu vyenye namba tu. Jibu likiwa 0, safu zako ni namba tupu. Likiwa 7, kuna saba zinazojifanya fedha.

Tiba: chagua safu za E na F, bonyeza Ctrl+H, andika /= kwenye sehemu ya kutafuta, acha wazi sehemu ya kubadilishia, kisha badilisha zote. Fanya hivyo hivyo kwa "Tsh" na "TZS" kama ziliingia. Kisanduku kilichokuwa kimepangwa kuwa cha maandishi, kibadilishe kwanza kiwe cha namba, la sivyo kitabaki na ugonjwa wake hata alama ikiondoka.

Na kama moyo wako unazitaka zile alama, kama unavyozitaka wangu, zipo kihalali. Chagua safu, bonyeza Ctrl+1, nenda kwenye muundo wa kujitungia (Custom), andika #,##0"/=" halafu kubali. Sasa andika 5000 tupu; kisanduku kitaonyesha 5,000/= na ndani yake namba itabaki namba.

Kuna ndugu wa tatizo hili anayekuja kupitia simu. Ukinakili kiasi kutoka kwenye ujumbe wa miamala na kukibandika, mara nyingine kinakuja na nafasi isiyoonekana ambayo hata TRIM, fomula ya kuondoa nafasi za ziada, haiiondoi, kwa kuwa si nafasi ya kawaida bali ile ambayo kompyuta huitambua kwa namba 160. Kwa mstari mmoja au miwili, futa uandike kwa mkono. Kwa mistari mia, weka hii kwenye safu ya pembeni, ukichukulia kwamba kiasi kimebandikwa H2:

=VALUE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(H2,CHAR(160),"")," ",""),"TZS",""))

Kama namba zote ni safi na jumla bado haisogei, bonyeza kisanduku cha jumla usome fomula. Mara nyingi utakuta =SUM(F2:F50), nawe sasa uko mstari wa 63. Andika =SUM(Daftari!F:F) badala yake, lakini jumla hiyo iwe kwenye Muhtasari. Ukiiweka chini ya safu F yenyewe itajijumlisha ndani ya nafsi yake, na programu itakuonya kwamba fomula inazunguka.

Matumizi yamezidi mapato, na hujala kiasi hicho

Hapa fomula zote ni sahihi. Kilichokosewa ni maana, na ndiyo maana napenda kukaa hapa muda mrefu na mtu.

Chukua mfano. Umelipwa benki 1,200,000. Umehamisha 300,000 kwenda kwenye simu. Kwa wakala umetoa 200,000 taslimu. Sokoni umetumia 150,000. Mtu mwaminifu anaandika kila tukio: kutoka 300,000, kutoka 200,000, kutoka 150,000. Muhtasari unamwambia ametumia 650,000. Anashtuka, anagombana na mwenzake nyumbani, ilhali kilichoondoka mikononi mwa familia ni 150,000 na ada za miamala.

Fedha iliyotoka benki kwenda kwenye simu haijatumika. Imehama chumba, bado imo nyumbani. Kila uhamisho uandike kwa mistari miwili: mstari wa kwanza Mfuko ni Benki, Kutoka 300,000, wa pili Mfuko ni Simu, Kuingia 300,000. Aina kwenye yote miwili iwe "Uhamisho". Ada na tozo ziandike kwenye mstari wake, Aina "Ada za miamala", kwa sababu hizo zimekwenda kweli. Matumizi halisi sasa yanatafutwa hivi:

=SUMIFS(Daftari!F:F,Daftari!C:C,"<>Uhamisho")

Weka na mlinzi wake. Uhamisho wote ulioingia ukitoa uhamisho wote uliotoka, jibu lazima liwe 0:

=SUMIF(Daftari!C:C,"Uhamisho",Daftari!E:E)-SUMIF(Daftari!C:C,"Uhamisho",Daftari!F:F)

Likiwa kitu kingine, kuna uhamisho ulioandikwa mguu mmoja, na kiasi chake umekwisha kuambiwa.

Kikoba kinafuata kanuni hiyo hiyo, na huku kwetu Mtwara na Lindi sijui nyumba ngapi zinapumua bila kikoba. Hisa unazonunua kila wiki si matumizi. Ni uhamisho kutoka Mkononi kwenda Kikoba. Mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana msibani, huo umetoka, uandike matumizi. Mkopo ukipewa, usiuandike kama mapato. Ni fedha ya wenzako iliyokaa kwako. Upe Aina yake, "Mkopo", na ukirejesha tumia Aina hiyo hiyo, halafu riba iwe mstari wa peke yake kwa sababu riba ndiyo gharama yako halisi. Asiyefanya hivi hujiona tajiri mwezi wa kukopa na maskini mwezi wa kulipa, na miezi yote miwili inamdanganya. Ukishakuwa na mikopo kwenye Daftari, ongeza sharti la pili kwenye fomula ya matumizi:

=SUMIFS(Daftari!F:F,Daftari!C:C,"<>Uhamisho",Daftari!C:C,"<>Mkopo")

Korosho zimeuzwa, benki ya jedwali imeizidi benki yenyewe

Umepeleka kilo 640 kwenye chama cha msingi, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Mnada umefanyika, bei imetangazwa; tuseme ni 3,000 kwa kilo. Ukaandika Kuingia 1,920,000. Siku fedha inaingia benki unakuta 1,760,000. Tofauti 160,000.

Gawanya tofauti hiyo kwa kilo zako. 160,000 kwa 640 ni 250 kamili. Tofauti inayogawanyika sawasawa kwa kilo karibu kila mara ni makato ya kwa kila kilo: ushuru, gharama za chama, ghala, usafirishaji. Namba zangu ni za mfano. Zako zisome kwenye karatasi ya malipo ya chama. Isipogawanyika sawasawa, fikiria kwanza kama kilo zote zilipimwa daraja la kwanza. Korosho za daraja la pili bei yake ni nyingine, na gunia moja lililoshushwa daraja linatosha kuvuruga hesabu nzima.

Una njia mbili za kuandika, zote halali. Andika kilichofika benki tu. Au andika 1,920,000 kuingia na 160,000 kutoka, Aina "Makato ya korosho". Mimi nakusihi uchukue ya pili. Inakuchukua mstari mmoja zaidi, lakini mwisho wa msimu unajua kila kilo ilikatwa kiasi gani, na ukisimama kwenye mkutano wa chama kuuliza, unauliza ukiwa na namba. Usichanganye njia zote mbili ndani ya msimu mmoja.

Na tarehe iwe siku fedha ilipofika. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mzigo hupokelewa ghalani kwa stakabadhi kisha huuzwa kwa mnada, uanze Mtwara mwaka 2007, kupeleka, kuuzwa na kulipwa ni siku tatu tofauti. Msimu wa 2018/2019, Serikali iliponunua korosho kwa bei iliyotangazwa ya 3,300 kwa kilo, malipo hayakuwafikia wote siku moja. Aliyekuwa ameandika Kuingia siku ya kupeleka mzigo alikuwa na mamilioni ya kwenye shiti tu, na akipanga ada ya shule anaipanga juu yake. Kilo zilizoko ghalani zipe shiti ya tatu ndogo: tarehe, kilo, daraja, namba ya stakabadhi. Zikilipwa, ndipo zihamie Daftari.

Novemba ina siku moja tu ya matumizi

Umetengeneza muhtasari wa mwezi kwa mwezi. Umeandika mwezi mzima wa Novemba, lakini muhtasari unaonyesha tarehe 11 peke yake. Januari nayo ina matumizi ya tarehe 11, hali kadhalika Februari, na hukumbuki kuyaandika.

Kompyuta yako inasoma tarehe kama Marekani: mwezi kwanza, siku baadaye. Ulipoandika 05/11/2024 yenyewe ilielewa tarehe 11 mwezi wa tano. 11/11 ilibaki salama kwa kuwa pande zote zinafanana. Ulipofika 13/11 ikakosa mwezi wa kumi na tatu, ikaiacha kama maandishi. Tazama safu ya A: tarehe 1 hadi 12 zimeegemea kulia, 13 hadi 30 zimeegemea kushoto. Ukiona mgawanyiko huo, huna haja ya kutafuta zaidi.

Badilisha kwanza mipangilio ya nchi, kwenye Windows au kwenye mipangilio ya faili la Google Sheets, iwe Tanzania au Uingereza. Hiyo inaokoa mistari ijayo, haigusi iliyopita. Ya zamani igeuze kwenye safu ya pembeni:

=IF(ISNUMBER(A2),DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2)),DATE(RIGHT(A2,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2)))

Vuta chini, nakili matokeo, yabandike juu ya safu A kama thamani tu, bila fomula. Fanya mara moja, kwa mistari iliyoandikwa chini ya mipangilio ile mibovu peke yake. Ukirudia unaigeuza tena kuwa mibovu. Sehemu ya pili ya fomula inategemea uliandika siku na mwezi kwa tarakimu mbili mbili.

Ukikuta badala ya tarehe kuna 45566, usiogope. Programu huhifadhi tarehe kama hesabu ya siku tangu mwanzo wa mwaka 1900, na 45566 ni 1 Oktoba 2024. Rudisha muundo wa tarehe tu. Na Januari uwe macho: ukiandika 28/12 bila mwaka, programu inajaza mwaka ulionao, na manunuzi ya sikukuu yanarukia Desemba ambayo haijafika.

Aina moja imegawanyika vipande

"Nauli", "nauli ya boda", "Usafiri", na "Usafiri " yenye nafasi mwishoni. SUMIF haijali herufi kubwa na ndogo, ila nafasi ya ziada inaijali. Andika orodha ya Aina zako kwenye shiti ya pembeni, kisha wekea safu C orodha ya kuchagua ili mtu asiandike kwa mkono. Zisizidi kumi na tano. Moja iwe "Michango", maana harusi, msiba na unyago vikitawanyika kwenye "Mengineyo" hutaamini vinachukua kiasi gani.

Alama za ajabu

##### ni safu nyembamba, ipanue. #NAME? ni jina la fomula lililokosewa, au neno lililokosa alama za nukuu. #DIV/0! umegawanya kwa sifuri au kwa kisanduku kitupu. #VALUE! kwenye safu ya Salio karibu kila mara ni ile /= tuliyoisema: SUM inaruka maandishi, lakini kujumlisha na kutoa kwa alama kunagoma.

#REF! inataka maneno zaidi. Wengi hujenga salio kwa =G2+E3-F3, kila mstari ukimtegemea wa juu yake. Ukifuta mstari mmoja katikati, wote wa chini wanaanguka kama vigingi. Ukipanga upya kwa tarehe, salio linachanganyikiwa. Ukiwa umefuta sasa hivi, Ctrl+Z. Kisha badilisha msingi: kwenye G2 andika =SUM(E$2:E2)-SUM(F$2:F2) uvute chini. Kila mstari sasa unajihesabia kuanzia mwanzo, na kufuta jirani yake hakuuumizi.

Tokeni ya LUKU imebadilika

Nilikuwa natunza tokeni za umeme kwenye safu ya Maelezo. Usiku mmoja ujumbe ulifutika kwenye simu kabla sijaingiza tokeni, nikaifuata kwenye jedwali. Mita ikakataa mara tatu. Nilipoitazama vizuri, tarakimu tano za mwisho zilikuwa sifuri tupu. Excel hushika tarakimu 15 tu za namba. Tokeni ina 20. Zilizobaki inazigeuza sifuri, na hakuna fomula itakayozirudisha. Control number nayo, yenye tarakimu 12, huonyeshwa kama 9.91E+11, ila hiyo haijapotea, inahitaji muundo mwingine tu. Namba ya simu hupoteza sifuri ya mbele. Kabla ya kuandika namba yoyote ambayo huijumlishi, tanguliza alama hii ' au panga kisanduku kiwe cha maandishi.

Juni unaonekana umefilisika, Novemba tajiri

Kwa mwenye mshahara, mwezi ni kipimo kizuri. Kwa mwenye mikorosho, mwezi unapotosha. Palizi, salfa na mpuliziaji vinakula fedha katikati ya mwaka, mavuno na minada vinakuja kuanzia Oktoba. Wengi wanajaribu kurekebisha kwa kuanza mwaka wao Oktoba, na hapo wanakosea jambo muhimu: salfa ya Juni 2024 inakwenda kwenye mavuno ya Oktoba 2024, lakini kwa mwaka unaoanza Oktoba inaangukia msimu uliokwisha. Gharama zinakaa msimu mmoja na mavuno yake msimu mwingine, na huwezi kujua kama shamba lilikulipa.

Anza msimu Aprili. Ongeza safu H:

=IF(MONTH(A2)>=4,YEAR(A2)&"/"&YEAR(A2)+1,YEAR(A2)-1&"/"&YEAR(A2))

Salfa ya Juni 2024 na malipo ya Januari 2025 yote sasa yanasoma 2024/2025. Jumlisha mapato ya korosho ya msimu huo, toa gharama za shamba za msimu huo huo, kinachobaki gawanya kwa 12. Hicho ndicho shamba linakupa kwa mwezi, na ndicho cha kupangia unga, ada na mafuta ya kupikia. Mwenye ufuta au mbaazi, ambazo fedha yake huja mapema zaidi, atafute mwezi ambao shamba lake limelala na aanzie hapo.

Umejaribu yote, tofauti haionekani

Uliza kwanza kama kuna mafaili mawili. Ulilituma kwenye WhatsApp, mwenzako akaongeza mistari kwenye simu yake, nawe ukaendelea na lako. Fungua yote mawili, chuja kwa tarehe za karibuni, utaona mistari iliyoko upande mmoja. Unganisha, bakiza moja.

Kama ni moja, rudi nyuma kwa tarehe. Hapa ndipo lile salio halisi unaloandika kwa mkono kila Jumamosi linapolipa. Tafuta Jumamosi ya mwisho ambayo namba zililingana. Kosa liko baada yake. Kama hukuandika, tumia salio lililomo kwenye jumbe za simu: chukua ujumbe wa katikati ya kipindi, ulinganishe na mfuko wa Simu kwenye Daftari siku hiyo. Vikilingana, kosa liko nusu ya pili. Visipolingana, ya kwanza. Gawa tena. Mistari 200 inabaki miwili au mmoja kwa kugawa mara saba.

Ikigoma kabisa, andika mstari wenye kiasi hicho, Aina iwe "Haijaonekana", tarehe iwe ya leo, na kwenye Maelezo taja siku mbili ambazo kosa liko kati yake. Ile karatasi ya fundi ikija kuonekana kwenye mfuko wa suruali siku ya kufua, utajua mstari wa kuubadilisha.